Mbio zinaboreka, VO2 max inashuka: kisa cha saa ya mkononi ya mazoezi

Mhusika ni mwanamke wa miaka 47. Hana ugonjwa unaojulikana, hatumii dawa, na kukimbia mara nne kwa wiki kwake si jambo la jana wala juzi. Ndani ya miezi mitatu, VO2 max (kipimo cha uwezo wa mwili kutumia oksijeni) inayokadiriwa na saa yake ya mkononi ilishuka kutoka 38 hadi 34. Ndani ya miezi hiyo hiyo, muda wake wa kilomita 5 ulitoka dakika 27 na sekunde 40 ukafika dakika 26 na sekunde 30. Programu ya saa haikujali hilo la pili. Ilimshusha daraja, ikamwandikia "umri wa siha" wa miaka 55, na kila Jumatatu ikawa inamkumbusha. Alinitumia picha ya skrini na swali moja: "Kocha, nakimbia kuliko mwaka jana, sasa hiki kitu kinanizeesha kwa lipi?"

Wapo ambao wangemwambia saa ni takataka, aivue. Wapo ambao wangemwambia mashine haina sababu ya kudanganya, basi akaze mazoezi. Nilimwomba kwanza faili za mbio zenyewe: mapigo ya moyo, kasi, hatua kwa dakika, na saa ya siku aliyokimbia.

Kabla ya kuzifungua ilibidi nijiulize kama yote mawili yanaweza kuwa kweli. VO2 max ni kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia, na huandikwa kwa mililita kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Haiamui peke yake nani atatangulia. Mwaustralia Derek Clayton alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 33 mwaka 1969, wakati ule ukiwa muda bora duniani, na VO2 max yake iliyopimwa ilikuwa kama 70 tu. Namba hiyo si ya kutisha kwa wakimbiaji wa ngazi hiyo. Siri yake ilikuwa matumizi: kila kilomita ilimgharimu oksijeni kidogo. Kwa hiyo mtu anaweza kujifunza kukimbia kwa gharama ndogo huku uwezo wake wa juu ukipungua, na muda wake ukaboreka.

Lakini kutoka 38 hadi 34 ni kushuka kwa zaidi ya asilimia 10. Mtu mzima asiyefanya mazoezi hupoteza takriban kiasi hicho kwa miaka kumi. Huyu hakuugua, hakulala kitandani, hakuacha kukimbia. Kupoteza muongo mzima kwa miezi mitatu huku unakimbia mara nne kwa wiki kunahitaji maelezo, na maelezo hayo nilishuku hayamo mwilini mwake.

Saa inajua nini

Tangu A. V. Hill na Hartley Lupton waandike juu ya kikomo hiki cha oksijeni mwaka 1923, njia ya kukipima haijabadilika kimsingi. Mtu anakimbia hadi ashindwe, na hewa anayovuta na kutoa inachunguzwa. Saa ya mkononi haina njia ya kuiona hewa hiyo. Ina taa za kijani mgongoni zinazomulika ngozi na kusoma jinsi damu inavyofyonza mwanga kila moyo unapopiga. Ina GPS inayoipa kasi. Kilichobaki ni yale uliyoiambia siku ya kwanza: umri, jinsia, uzito, urefu. Kutokana na hayo inakisia mambo mawili: kasi hii inadai oksijeni kiasi gani, na mapigo haya ni sehemu gani ya uwezo wako wote. Ikishapata sehemu, inakokotoa kizima.

Kanuni kamili ni siri ya kila kampuni. Kwa hiyo nilitumia ya wazi, ya American College of Sports Medicine (ACSM), chama cha wataalamu wa tiba ya michezo cha Marekani. Kwenye tambarare, kila mita ya kasi kwa dakika inadai mililita 0.2 za oksijeni kwa kilo, ukijumlisha 3.5 za mwili uliotulia. Mbio zake nyepesi ni kilomita 9 kwa saa, yaani mita 150 kwa dakika, kwa hiyo zinadai 33.5. Alfajiri, kwa kasi hiyo, moyo wake ulikuwa unapiga 157. Akiwa ametulia ni 54. Kwenye mipangilio ya saa, kiwango cha juu cha mapigo yake kiliandikwa 173.

Hesabu inakwenda hivi. Kutoka 54 hadi 173 kuna nafasi ya mapigo 119. Yeye amepanda 103, karibu asilimia 87 ya nafasi hiyo. Tukichukulia kwamba oksijeni nayo hupanda kwa uwiano huo huo, basi zile 30 zilizo juu ya 3.5 ni asilimia 87 ya akiba yake, yaani ya oksijeni yote anayoweza kuongeza juu ya ile ya mwili uliotulia. Akiba nzima ni kama 34.7. Rudisha 3.5, unapata 38. Ndiyo namba iliyokuwa kwenye saa kabla ya balaa. Hilo halithibitishi kwamba saa inatumia kanuni hii, ila linaonyesha hesabu inapita njia gani, na palipo dhaifu.

Palipo dhaifu ni 173. Hakuna aliyeipima. Ni 220 kutoa 47, kanuni iliyoenea tangu makala ya Fox, Naughton na Haskell ya mwaka 1971. Tanaka na wenzake waliirekebisha mwaka 2001 kuwa 208 kutoa 0.7 mara umri, ambayo kwa mama huyu inatoa 175. Zote mbili ni wastani. Mtawanyiko kuzunguka wastani huo ni wa mapigo kumi hivi kwenda juu au chini kwa watu wengi, na wapo wanaovuka hapo. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa mapigo 20 na wote wakawa wazima kabisa.

Kwenye faili

Dalili ya kwanza sikuipata kwenye grafu. Nilimuuliza tu siku za alasiri anakimbiaje. Akasema kawaida, anapiga soga na mwenzake njia nzima. Siku hizo mapigo yalikuwa 165. Kama kikomo chake ni 173 kweli, alikuwa kwenye asilimia 95 ya kikomo na bado anamaliza sentensi. Hakuna anayepiga soga kwenye asilimia 95.

Dalili ya pili ilikuwa imelala kwenye kumbukumbu za mwaka uliotangulia: mashindano ya kilomita 5 aliyokimbia na mkanda wa kifuani ulioazimwa. Mita za mwisho mapigo yanasoma 184. Mkanda husoma umeme wa moyo moja kwa moja, na grafu ilikuwa imepanda kwa mteremko laini bila kuruka, kwa hiyo niliiamini. Moyo uliofika 184 hauwezi kuwa na kikomo cha 173. Nilipoiweka 184 kwenye hesabu ile ile ya alfajiri, 38 ikawa 41.

Hapo ndipo wengi wangefunga faili na kutangaza kwamba mkosaji amepatikana. Lakini kikomo kilichokosewa kilikuwepo tangu siku alipoiwasha saa. Kinaeleza kwa nini namba ilikuwa chini siku zote. Hakielezi kwa nini ilizidi kushuka. Kosa lisilobadilika haliwezi kuzaa mabadiliko.

Kilichobadilika ni ratiba. Zamu yake ya kazi ilihama, mbio nazo zikahama kutoka alfajiri kwenda alasiri. Kwenye joto moyo una kazi mbili: kulisha misuli, na kupeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe. Jasho nalo linapunguza maji ya damu, kwa hiyo kila pigo linasukuma kidogo na mapigo lazima yaongezeke. Kasi ile ile ya kilomita 9, mapigo 165 badala ya 157, na kwa hesabu ya saa VO2 max ni 36. Mwili haujapoteza chochote, jua tu limepanda. Baadhi ya saa hurekebisha hili. Za Garmin zenye uwezo huo huanza kuhesabu joto likizidi nyuzi 22, lakini hali ya hewa huipata kupitia simu. Saa ya mama huyu nayo ilitegemea simu, na simu alikuwa anaiacha nyumbani.

Zilibaki pointi mbili, na hizi zilikuwa kwenye mbio chache tu, zote za mwezi wa mwisho. Nilifungua mojawapo. Dakika ya tatu, mapigo 121. Dakika ya nne, 169. Kisha mstari umenyooka: 169, 170, 170, 169, kwa zaidi ya dakika kumi, halafu unaanguka ghafla hadi 160 na kuanza kupanda na kushuka kidogo kidogo kadiri njia inavyokwenda. Moyo hauruki mapigo 48 kwa dakika moja kwenye mbio nyepesi, wala hautulii namna hiyo baadaye. Niliiweka grafu ya hatua juu yake. Hatua: 169, 170, 171, 170. Saa ilikuwa inahesabu miguu.

Hili linajulikana sana kwa wanaoshughulika na vifaa hivi. Mkono unapobembea, damu inasukumwa kwenye mishipa midogo kwa mdundo wa hatua, na saa iliyolegea inacheza juu ya ngozi kwa mdundo huo huo. Kihisi kinaona midundo miwili na kushika wenye nguvu. Hatari kubwa ni pale hatua na mapigo vinapokaribiana, kama hapa, kwa sababu namba inayotoka haishangazi mtu. Ingesoma 230 angejua kuna kitu. Iliposoma 170 aliamini kachoka.

Nilimwomba picha ya mkono wake. Saa ilikuwa imekaa juu kabisa ya kifundo, kwenye mfupa, na tundu la mkanda lililotumika lilikuwa la pili kutoka mwisho. Alikuwa ameilegeza kwa sababu jasho la alasiri lilimtoa vipele. Yaani joto lilimpiga mara mbili: mara moja kupitia moyo, mara nyingine kupitia mkanda.

Nikiwa hapa, kuna swali ambalo huulizwa sana kuhusu taa hizo za kijani na ngozi nyeusi. Melanini hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo wasiwasi si wa kipuuzi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha rangi mbalimbali za ngozi na haukupata tofauti ya kitakwimu ya usahihi wa mapigo, ila uliona kwamba wakati wa harakati kosa lilikuwa kubwa kwa kama asilimia 30 kuliko wakati wa kutulia. Kwenye kisa hiki mkanda uliolegea unatosha kueleza.

Maabara

Alitaka kujua namba yake ya kweli, na alipata nafasi ya kupimwa. Barakoa usoni, mashine ya kukimbilia inaongezwa kasi hatua kwa hatua, hadi aliposhika reli. Matokeo: VO2 max 40.9, mapigo ya juu 187, na uwiano wa kaboni dioksidi anayotoa kwa oksijeni anayotumia ulifika 1.13, dalili nzuri kwamba alijituma hadi mwisho. Wenyewe maabara wangekuambia kwamba ukirudi wiki ijayo namba inaweza kutofautiana kwa asilimia chache, hata pakiwa hapana kilichobadilika.

Namba iliyonivutia zaidi ilikuwa nyingine. Alipokuwa anakimbia kilomita 9 kwa saa, mashine ilisoma 31.8. Kanuni ya ACSM inasema 33.5. Mama huyu anakimbia kwa gharama ndogo kuliko mkimbiaji wa wastani kwa asilimia 5 hivi, na saa haina namna ya kulijua hilo. Ukiweka kikomo sahihi cha 187 na mapigo ya alfajiri, hesabu inatoa 42, juu kidogo ya maabara, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ni uchumi wake wa mbio ambao saa inauhesabu kama oksijeni. Kwa hiyo kwa miaka yote kulikuwa na makosa mawili yanayovutana: kikomo cha chini kikiishusha namba, miguu yenye uchumi ikiipandisha. Mtu ambaye kwake makosa hayo yanafutana angekuambia saa yake ni sahihi kabisa, na angekuwa na ushahidi.

Hapa ndipo takwimu za usahihi zinapopotosha. Mwaka 2022 mtandao wa watafiti wa INTERLIVE ulichapisha kwenye jarida la Sports Medicine uchambuzi wa tafiti 14 za makadirio haya. Kwa vifaa vinavyokadiria kutokana na mazoezi, wastani wa kosa ulikuwa karibu sifuri, pungufu ya 0.1. Matangazo yangependa kuishia hapo. Lakini mipaka ambamo karibu watu wote waliangukia ilikuwa kama 10 chini na 10 juu. Kwa vinavyokadiria mtu akiwa ametulia, vilizidisha kwa wastani wa 2.2, na mipaka ilikuwa mipana zaidi, kama 15 kila upande. Chukua mama huyu mwenye 41: saa nzuri, kwa wastani isiyo na upendeleo, ingeweza kumwandikia 31 au 51 bila kuvunja takwimu hizo. Kundi la watu elfu litapata wastani wake. Yeye anapata bahati yake.

Nilimwambia pia akimbie jaribio la Cooper la dakika 12, lile la mwaka 1968, kwa sababu ya udadisi wangu tu. Alifika mita 2,300. Toa 504.9, gawanya kwa 44.73, unapata 40.1. Kanuni hiyo ilitengenezwa kwa wanaume wa jeshi la anga la Marekani, si kwa mwanamke wa miaka 47, lakini ilikaribia maabara kuliko saa ilivyowahi. Sababu si uchawi: alikimbia kwa nguvu zote, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kukisia kikomo chake kiko wapi.

Baada ya hapo

Aliweka 187 kwenye saa, akazima ukadiriaji wa kikomo kwa umri, akanunua mkanda wa kifuani. Wiki mbili baadaye saa ilisoma 42 na umri wa siha ukawa 36. Kwa kubadilisha mpangilio mmoja na kuhama kutoka mkononi kwenda kifuani, alipungua miaka 19. Mimi kipengele hicho ningekiondoa kabisa kwenye saa zote. Kinachukua kadirio lenye mpaka wa pointi 10 kila upande, kinalipitisha kwenye jedwali la wastani wa watu wengine, kisha kinalivisha neno "umri", ambalo hakuna mtu wa miaka 47 analisoma bila kuguswa.

VO2 max yenyewe siidharau. Mwaka 2016 American Heart Association ilishauri kwamba uwezo huu wa moyo na mapafu uhesabiwe kama kipimo cha msingi cha afya, sambamba na shinikizo la damu, kwa kuwa walio chini kabisa ndio walio hatarini zaidi kufa mapema. Kipimo chenye uzito huo hakistahili kubishaniwa kwa kadirio la mkanda uliolegea.

Sasa anafuatilia kitu kidogo zaidi. Alfajiri, njia ile ile ya tambarare, mkanda kifuani, kilomita 9 kwa saa, na anasoma mapigo baada ya dakika kumi. Hapo hakuna kikomo cha kukisia wala jedwali. Ikitoka 157 ikawa 152 na hali ya hewa ni ile ile, kuna kitu kimeboreka. Namba ya VO2 max anaiangalia kwa mwelekeo wa miezi, na akiiona imeruka anaanza na grafu ya hatua.

Lipo la mumewe pia, ambalo lilijitokeza katikati ya mazungumzo. Yeye hutembea jioni, anavaa saa ya aina hiyo hiyo, na alikuwa anamtania mkewe kwamba anamfikia: yake ilikuwa imepanda kutoka 29 hadi 33 bila kuongeza hata hatua. Nikauliza kama kuna dawa mpya. Ipo, ya shinikizo la damu, ya kundi la beta bloka, ambalo hupunguza mapigo. Moyo wake unapiga polepole kwa mwendo ule ule, saa inatafsiri kuwa amekuwa imara. Apple wana sehemu kwenye programu yao ya afya ya kutaja dawa za namna hii ili kadirio lirekebishwe. Yake haikuwa na sehemu hiyo. Nilimwomba mambo mawili: asiitumie namba hiyo kupima kama dawa inamfaa au haimfai, na akienda kliniki amweleze daktari anatembea umbali gani kabla ya kuhema. Kanda za mapigo kwenye saa yake, yaani viwango vya mapigo vya kulenga, zile zinazomwambia "ongeza kasi" kila akitembea, tukazizima siku hiyo hiyo, maana zilikuwa zinamsukuma aufikie mdundo ambao dawa inamzuia asiufikie.